Neno la Wiki: Gari moja si msafara

Juzi pale Keroka, mji ulio Kisii upande mmoja na Nyamira upande wa pili, gari lenye kitanda na jiko ndani lilisimama kando ya barabara, wenyewe wakinunua ndizi. Kijana wa bodaboda akaniita: “Mwalimu, umeona msafara wa wazungu?” Nikatazama huku na huku. Gari moja, watu wawili. Msafara uko wapi?

Msafara ni watu au vyombo vingi vinavyofuatana njiani. Mzizi wake ni wa Kiarabu, uleule uliotupa safari na msafiri. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilijaa wapagazi. Leo gavana akipita na magari yake, huo nao ni msafara. Kosa la kijana lina chanzo. Karavani, neno lenye asili ya Kiajemi, nalo lilimaanisha kundi la wasafiri, kabla Waingereza hawajalibandika kwenye nyumba ya magurudumu. Anayetafsiri kwa pupa huokota maana ile kuukuu.

Basi tutenganishe. Karavani haina injini, hukokotwa. Yenye injini yake, kama ile ya Keroka, ni kampavani, au tuseme gari la kulala. Na wale wawili hawakuwa matembezini, maana mtembezi jioni hurudi kwake. Walikuwa safarini, nyumba wameibeba kama konokono.