Ruvuma Haukuwa Ukuta

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tunawafundisha watoto, lakini ni mara chache tunaitumia kuyapima mataifa. Juma hili naomba tuitumie hivyo, na mizani yetu iwe mto Ruvuma, ambao chimbuko lake liko katika milima ya Matogoro, hapa hapa Songea.

Kwanza twende mbali kidogo. Mwaka 1295, mjini Paris, Waskoti na Wafaransa walifanya mapatano. Wote wawili walikuwa na jirani mmoja mwenye nguvu, Mwingereza, wakaahidiana kwamba akimvamia mmoja wao, mwenzake naye atamvamia Mwingereza. Ahadi hiyo haikubaki kwenye karatasi. Mwaka 1421 Waskoti walikuwa wamevuka bahari, wakapigana na kuwashinda Waingereza pale Baugé, Ufaransa. Mwaka 1513 mfalme wao, James wa Nne, aliingia Uingereza ili kuwapunguzia Wafaransa mzigo wa vita. Aliuawa huko Flodden pamoja na maelfu ya watu wake. Lakini kufikia mwaka 1560 ushirika huo ulikuwa umekwisha. Waskoti walikuwa wanabadili dhehebu, na wenye nguvu kati yao walikwisha mkimbilia yule yule Mwingereza. Ndiyo kusema, urafiki unaosimama juu ya adui peke yake, adui akibadilika nao huanguka.

Sisi Watanzania nasi tulifanya ushirika wa namna hiyo, na watu wa ng'ambo ya Ruvuma. Adui alikuwa ukoloni wa Mreno. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vikiungana chini ya Dokta Eduardo Mondlane. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza. Wapiganaji walifundishwa Kongwa, baadaye Nachingwea. Na mwaka 1968, FRELIMO ilipotaka kufanya mkutano wake mkuu wa pili ndani ya nchi yake yenyewe, iliufanya Matchedje, katika jimbo la Niassa, upande wa pili wa mpaka wetu huu wa Ruvuma.

Lakini ushirika una gharama, na mara nyingi gharama hiyo haimwangukii yule anayetia saini. Waliobeba mzigo mkubwa ni watu wa mpakani. Wakimbizi walivuka mto kwa maelfu, na katika mkoa wetu walipokewa Muhukuru na Lundo, wakapewa ardhi ya kulima. Wenyeji wa vijiji vya kusini waliishi na hofu ya ndege za Mreno na mabomu ya kutegwa ardhini. Na si wenyeji tu. Mondlane mwenyewe aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu.

Je, deni hilo lililipwa? Naam. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Haikupita hata miaka minne, Idi Amin akaivamia Kagera. Wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinatutaka tupatane na mvamizi, Rais Samora Machel alileta kikosi cha askari wake kutusaidia, ingawa nchi yake yenyewe ilikuwa changa na inashambuliwa na Rhodesia. Nasi tulirudisha tena. Mwaka 1987 askari wetu wapatao 3,000 walikuwa Zambézia, wakiilinda Msumbiji dhidi ya RENAMO, mpaka walipoondoka mwishoni mwa mwaka 1988. Hapo ndipo tulipowapita wale wa mwaka 1295. Mreno alikwisha ondoka, na ushirika ukabaki.

Kwa nini ulibaki? Mimi naona sababu ni kwamba hatukuwa na adui mmoja tu, tulikuwa na watu wamoja. Wayao na Wamakonde wako kingo zote mbili. Kabla ya FRELIMO mto huu ulikwisha vukwa kwa upande mwingine pia. Wakati wa vita vya Majimaji, Mjerumani alipokuwa akinyonga mashujaa wetu hapa Songea mwaka 1906, Nkosi Chabruma wa Mshope alivukia nchi ya Mreno. Anayekimbia leo huenda ndiye aliyepokea jana.

Ndiyo maana nasikitika na jambo moja. Tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado limekumbwa na mauaji ya magaidi. Tanzania haikukaa kimya. Askari wake walikuwamo katika jeshi la SADC lililokuwa huko tangu mwaka 2021 hadi 2024. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mwaka huo huo wa 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu ya watu waliokimbia mauaji hayo na kuingia kwetu walirudishwa kwao kupitia Negomano. Negomano ndiko kulikojengwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 na marais wa nchi zote mbili.

Najua hoja ya usalama. Nchi ina haki ya kumjua anayeingia, na gaidi naye anaweza kujifanya mkimbizi. Lakini hata mwaka 1965 Mreno alikuwa na wapelelezi wake, na hatukuwafungia mlango kina mama na watoto kwa sababu hiyo. Tulichuja, tukaandikisha, tukapokea.

Serikali hutia saini, majeshi huandamana, na viongozi hukata utepe. Hayo yote ni mema. Lakini kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni, ushirika wa Tanzania na Msumbiji ni yule askari anayemkuta kwenye ukingo wa mto, na neno la kwanza atakaloambiwa. Kama neno hilo ni "karibu," basi methali yetu bado ina maana.