Simu na Mtandao: Maneno Mawili katika Njia Panda

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Songea huiacha barabara kuu ya Zambia pale Makambako, akashika njia ya Njombe, mwendo wa kilometa zipatazo 60. Makambako ni njia panda ya barabara, na pia ni kituo cha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Maneno nayo hufika njia panda. Makala hii inakusudia kueleza jinsi simu na intaneti zilivyokutana, na jinsi neno mtandao lilivyoelemewa na mkutano huo.

Tuanze na simu. Neno hili asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Simu ya kwanza kutufikia ilikuwa ile ya kupeleka habari kwa alama. Waya wake wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879. Baadaye ikaja simu ya kusema. Katikati ya miaka ya 1990 ikaingia simu ya mkononi, isiyo na waya, lakini jina halikubadilika. Kwa asili yake, basi, tunasema “waya usio na waya”, wala hapana anayebabaika. Hili latufundisha kwamba istilahi hupata maana yake katika matumizi, si katika asili peke yake.

Neno mtandao, litokanalo na tanda, lina historia nyingine. Tulilitumia kwa barabara, reli na mabomba. Kisha kwa kampuni za simu. Kisha kwa intaneti. Mwanzoni intaneti ilibebwa na simu: modemu iligeuza tarakimu kuwa sauti ili zipite katika waya wa mazungumzo. Siku hizi mambo yamegeuka. Sauti yenyewe hukatwa vipande vidogo vya tarakimu, vikasafirishwa kama vifurushi vya intaneti. Sheria nayo ilifuata: mwaka 2005 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa mwaka 2003, ilianza utaratibu wa leseni usiofungamana na teknolojia moja. Mwaka 2009 nyaya za nuru za SEACOM zikafika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Hivyo simu iliyoaga waya imeurudia kwa mlango wa nyuma.

Je, kwa kuwa vyombo vimeungana, neno moja latosha? La hasha. Tuchukue tangazo la ofisi lisemalo: “Malipo yote yafanywe kwa mtandao.” Mkulima wa viazi wa Njombe mwenye simu ya kitochi aweza kudhani kwamba ni lazima awe na intaneti, akapanda gari hadi mjini kutafuta msaada. Kumbe huduma za fedha kwa simu, zilizoanza nchini mwaka 2008, hutumika hata bila intaneti: hupigwa nyota, tarakimu na alama ya reli, basi. Neno moja lisilo wazi limemgharimu nauli na siku ya kazi.

Kwa hiyo yafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazingatie mambo matatu. Kwanza, palipo na intaneti, iandikwe intaneti. Pili, kampuni au mawimbi ya simu yaitwe mtandao wa simu. Tatu, mtandao pekee libaki kuwa neno la jumla, kwa mahali ambapo tofauti haimdhuru msomaji.

Mafundi wana haki ya kuunganisha vyombo. Sisi tuna wajibu wa kutenganisha maana, ili mwananchi asomapo tangazo ajue afanye nini.