Mota inayotetemeka mlimani: historia fupi kutoka Kitonga hadi Ngualla

Ukipanda Kitonga kwa basi la kwenda Iringa, unamsikia dereva akirudisha gia, injini inanguruma, mwendo unabaki wa kinyonga. Sasa fikiria unaupanda mlima huohuo kwa pikipiki ya umeme. Hapo ndipo mota isiyo na brashi hutoa siri yake: mzigo mkubwa, mwendo mdogo, inaanza kutetemeka, kama mtu anayesukuma mkokoteni kwa kushtua-shtua. Kwenye tambarare husikii kitu, maana gurudumu likishika kasi, uzito wake wenyewe hulainisha mishtuko. Wahandisi wamehangaika na mtetemo huu kwa zaidi ya miaka 60.

Mwaka 1962 Wamarekani wawili, T. G. Wilson na P. H. Trickey, walieleza mota ya DC ambayo kazi ya brashi inafanywa na transista. Brashi zinalika na kutoa cheche, kwa hiyo wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba transista hizo zinawasha umeme kwa hatua. Kati ya koili tatu, mbili zinapata umeme na moja inapumzika, kisha zinapokezana, hatua sita kwa kila mzunguko wa umeme. Kama volti ya mota ina umbo la wimbi laini, basi hata mkondo ukiwa thabiti kabisa, nguvu ya kuzungusha hushuka kwa karibu asilimia 13 kutoka kileleni kabla ya hatua inayofuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa General Motors, kila mmoja kivyake, walipata sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Mota zikawa ndogo na zenye nguvu. Lakini sumaku kali hung'ang'ania meno ya chuma yanayoshikilia koili. Jaribu mwenyewe: zungusha taratibu kwa mkono gurudumu la mota ya namna hiyo likiwa halina umeme. Utasikia linakwama na kuachia, linakwama na kuachia.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya umbo. Mifereji ya koili inalazwa kidogo ili sumaku isiliache jino zima kwa mpigo mmoja. Pia kuna hesabu ya darasa la sita: mota yenye mifereji 12 na ncha 8 za sumaku hukwama mara 24 kwa mzunguko, kwa sababu KDS ya 12 na 8 ni 24. Weka ncha 10, KDS inakuwa 60: vikwazo vingi zaidi, lakini vidogo zaidi.

Dawa ya pili ilikuwa imesubiri kwenye karatasi. Mwaka 1929 Robert Park alionyesha jinsi ya kuitazama mashine ya umeme kana kwamba umekaa juu ya rota na kuzunguka nayo. Edith Clarke naye alirahisisha hesabu za nyaya tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Felix Blaschke wa Siemens alitumia mtazamo huo kuongoza mota. Badala ya hatua sita, koili zote tatu zinapewa umeme unaopanda na kushuka kwa ulaini. Chipu zilipokuwa rahisi, hesabu hiyo ikaingia kwenye kontrola za kawaida.

Kwa fundi wa Mbeya, historia hii ni pesa. Kama gurudumu linakwama-kwama hata bila umeme, tazama sumaku na chuma. Kama linatetemeka likiwa na umeme tu, anza na kontrola na sensa kabla hujamuuzia mteja mota mpya.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Neodimiamu ipo Ngualla, mkoani Songwe, eneo lililokuwa Mbeya hadi 2016. Aprili 2023 serikali ilisaini makubaliano ya kuichimba. Madini hayo peke yake hayapandi Kitonga. Yanahitaji mtu wa kutengeneza sumaku, mtu wa kupanga mifereji, na mtu wa kuandika programu ya kontrola. Hizo mbili za mwisho, mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kuanza leo.