Siri ya Ngoso: Haja na Stara katika Kihamba cha Mchagga

Zamani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilisemwa kwamba mwanamume wa Kichagga aliyepita jandoni haendi tena haja kubwa. Alikuwa amezibwa kwa *ngoso*, yaani kizibo, na hilo ndilo lililomtenga na wavulana, wanawake na watoto.

Jandoni vijana walijifunza ukweli: kizibo hakikuwapo. Kilichokuwapo ni siri, na kuitunza kulikuwa sehemu ya utu uzima. Mwanamume alijipenyeza peke yake kati ya migomba ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, akatazama huku na huku, kisha akafukia kila alama.

Wanawake nao walijua. Katika mafunzo yao ya unyago, wasichana walielezwa siri hiyo na kuagizwa waifiche. Tumbo la mume likiharibika, mke alimsitiri. Hivyo ngoso iliishi kwa heshima ya pande zote mbili.

Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alikusanya mafundisho ya jando na kuyachapisha kwa Kijerumani katika juzuu 3 kati ya 1932 na 1938. Otto Raum naye aliandika juu ya malezi ya Wachagga katika *Chaga Childhood* (1940).

Hata Kiswahili husitiri jambo hili: tunasema msalani, maliwatoni, kujisaidia. Ukipita kihambani, tazama majani mapana ya mgomba. Hayo ndiyo yaliyokuwa ukuta na mlango.