Tembo Lina Mgema, Pombe ya Ndizi Ina Nani?

Wapenzi wa lugha, Kiswahili sanifu tumekirithi kutoka pwani, na sijui ushahidi ulio wazi kuliko maneno ya mnazi. Tunda lake lina jina kwa kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Anayeukwea ili kupata kinywaji ni mgema, kazi yake ni kugema, na anachoteremsha ni tembo. Tembo la asubuhi ni tembo tamu; likilala huwa tembo kali; likizidi kulala huwa siki. Hata methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji imesimama juu ya ulimi wa mnywaji. Asiyeijua ladha ya tembo safi hawezi kumkamata mgema mdanganyifu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na maneno hayo niliyakuta nyumbani kabla sijayakuta vitabuni. Baada ya chuo cha ualimu nilipangiwa kufundisha Kiswahili sekondari katika nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kibondo ambao tangu 2012 ni Wilaya ya Kakonko. Ndiyo nchi ya kale ya Buyungu, mojawapo ya tawala za Waha. Huku mnazi hauoti. Migomba ndiyo iliyotanda. Wanafunzi wangu waliotunga insha juu ya mahari, matanga au mavuno hawakukosa kutaja kinywaji, lakini wote waliandika maneno matatu yaleyale: pombe ya kienyeji. Wazazi wao hawakusema hivyo. Wao walijua kutenga hii na ile kwa kuionja tu.

Msomaji asiyekunywa, kama walivyo ndugu zangu wengi wa Tanga, asidhani kwamba namwalika kilabuni. Nazungumzia maarifa na majina yake.

Pombe ya ndizi huanza na ndizi mbivu. Zikikomaa huvundikwa, mara nyingi katika shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani, hadi ziive kwa pamoja. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na manyasi ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa, mpaka maji yake yatoke. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji ya kawaida, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa. Usiku mmoja hadi siku tatu zinatosha. Nafaka huhitaji kufanywa kimea kwanza ili wanga wake ugeuke sukari. Ndizi mbivu imekwisha kuifanya kazi hiyo yenyewe.

Sasa tuonje. Maji ya ndizi kabla hayajachacha ni matamu, mazito, yenye harufu ya tunda. Baada ya usiku mmoja utamu ungalipo, ila povu limepanda na ulimi unachomwachomwa. Siku ya pili utamu na ukali huwa sawasawa, na wengi husema hapo ndipo imekolea. Siku ya tatu uchachu hutangulia, na nyuma yake huja ukakasi, ule unaokaza fizi kama ndizi mbichi. Ukiionja pombe ya mtama baada ya hiyo utakuta kitu kingine kabisa: nafaka iliyokaangwa, uchachu wa uji, na mashapo yanayobaki mdomoni.

Tazama jinsi lugha ndugu za Kiha zinavyoyatenga hayo. Katika Kinyarwanda, pombe ya ndizi ni urwagwa, ya mtama ni ikigage, na maji ya ndizi yasiyochacha ni umutobe. Katika Kirundi, ya mtama ni impeke, na ile ya ndizi ina majina mawili: urwarwa, iliyoongezwa maji, na isongo, isiyoongezwa. Kosa la mgema wa pwani, huko ni aina ya pili ya kinywaji, yenye jina lake na heshima yake.

Nchi yetu ina mengi ya namna hiyo. Mbege ya Wachaga huchanganya ndizi na kimea cha ulezi, na gome la msesewe huipa uchungu. Ulanzi wa Iringa na Njombe hugemwa katika mianzi michanga wakati wa mvua, nao huchacha upesi kama tembo. Wanzuki ni ya asali. Togwa ni tamu na hata mtoto hupewa. Majina haya yamepenya katika Kiswahili kwa kusafiri na wenyewe. Maneno ya kuelezea ladha zake, hata hivyo, yamebaki vijijini.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni ya lugha. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Mwamba ngoma huvutia kwake: maneno ya mnazi yaliingia kamusini kwa jamaa nzima, ya mgomba wa bara yakabaki nje.

Sababu ya pili ni ya sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baada yake ule wa Saint-Germain wa 1919, ilizuia vinywaji vikali vya viwandani visiwafikie Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili. Vinywaji vikagawanywa kwa rangi ya mnywaji: vya wageni vilikuwa na majina, vya wenyeji vikawa fungu moja. Baada ya uhuru fungu hilo lilidumu katika leseni na saa za vilabu. Sheria ya 1966 iliyodhibiti utengenezaji wa moshi, yaani gongo, iliweka mpaka ulio muhimu, kati ya kinachochachushwa na kinachokenekwa. Lakini kinywani mwa watu mpaka huo haukukaa. Gongo huweza kupofusha na kuua, nayo huitwa pombe ya kienyeji sawa na maji ya ndizi ya usiku mmoja. Neno moja linapofunika vitu viwili, kimoja cha karamu na kimoja cha msiba, hasara yake haiishii kamusini.

Wajapani nao waliwahi kupita njia hiyo. Kuanzia 1943 serikali yao iliipanga sake, pombe yao ya mchele, kwa madaraja yaliyohusiana na kodi. Mpango huo ulifutwa 1992. Majina yanayotumika leo hueleza kazi yenyewe: katika ginjo punje ya mchele hukobolewa hadi ibaki asilimia 60 au pungufu, na katika daiginjo asilimia 50 au pungufu. Mwaka 2024 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa urithi wa binadamu. Lililonivutia zaidi ni kwamba sake isiyo na utamu huitwa karakuchi, kwa neno lilelile la ukali wa pilipili, kama sisi tunavyosema kali. Na kuionja kwa kuilinganisha huitwa kikizake, ambamo mna kitenzi cha kusikia. Mswahili anayesikia harufu na kusikia ladha hahitaji kufafanuliwa.

Basi hatuna upungufu wa zana. Tunao uchachu, ugwadu, ukakasi, kukolea, kuumuka, mashapo, machicha. Tunacho kionjo na tunaye mwonjaji. Lililobaki ni kuyapeleka maneno haya kwa mwenye mtungi na kumuuliza yeye anaitaje, kabla hajaondoka nayo. Wazee niliowakuta hapa kijana wengi wametangulia, na wajukuu zao huagiza bia kwa jina la chupa.

Malenga, ombi langu ni dogo. Yeyote aliye karibu na mgomba, mwanzi au mzinga wa nyuki na aandike majina matatu ya ladha kutoka lugha ya nyanya yake, pamoja na maana zake, kisha ayatie katika beti. Kamusi huchelewa kuja bara, lakini shairi laweza kutangulia. Mimi nimeanza kukusanya ya Buyungu, na daftari bado lina nafasi.