Léon na Shimba: Majina ya Ubatizo katika Nchi ya Maswa

Jina ni nguo ya kwanza avikwayo mwanadamu, na haivuliwi hata kaburini. Katika Maswa, wilaya ya Wasukuma iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, Wakristo wengi wamevikwa nguo mbili, moja ya nyumbani na nyingine ya kanisani. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Mabula akiwa mwanamume, na Kabula akiwa mwanamke. Akipelekwa kubatizwa hurudi ni Remi, au Bernadeta, au Karoli. Jina la kwanza kila mtu kijijini hulielewa. La pili aghalabu hapana alielewaye, hata yule aliyelichagua. Hudhaniwa kuwa ni jina la dini tu, lisilo na maana nje ya kitabu cha padre. Dhana hiyo si sahihi, na historia ya majina hayo yastahili kuelezwa, kwani ndani yake mna jawabu la swali linalomkabili mzazi Mkristo wa Usukuma: je, jina la Mabula halitoshi mbele ya Mungu?

Majina mengi ya namna hiyo yalifika Usukuma kwa mikono ya Wafaransa. Shirika la Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Kundi la kwanza lililotumwa katika nchi za Ziwa Viktoria liliongozwa na Padre Léon Livinhac, likapita Bagamoyo mwaka 1878 na kufika pwani ya kusini ya ziwa. Kutoka hapo, Februari 1879, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka wakafika Buganda. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre wakaondoka Buganda, wakarudi kusini na kufanya makao Bukumbi, karibu na Mwanza. Dini ikaenea mashariki polepole. Mwaka 1946 Maswa ilitajwa katika ramani ya Kanisa, lilipokatwa eneo la Musoma na Maswa kutoka lile la Mwanza. Mwaka 1950 Maswa ikawa eneo la peke yake, na mwaka 1956 eneo hilo likawa Jimbo la Shinyanga. Wakati huo kazi ilikuwa imekwisha kushikwa na mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani. Wabatizaji walibadilika, kalenda ya watakatifu ikabaki ileile.

Nayo kalenda hiyo, ikifunuliwa kwa makini, haina majina mengi yaliyozaliwa Ufaransa. Jean, Joseph, Jacques na Marie ni majina ya Kiebrania yaliyopita katika Kiyunani na Kilatini. Ndiyo yaleyale ambayo visiwani huitwa Yahya, Yusufu, Yakubu na Maryamu. Remi hutokana na Remigius wa Kilatini, jina linalonasibishwa na mpiga makasia, nalo limefika mahali ambapo wengi hawajaona bahari. Bernard ni jina la kale la Kijerumani lililounganisha dubu na uimara, na Bernadette ni kike chake. Msichana wa Maswa aitwaye Bernadeta, kwa heshima ya mtakatifu wa Lourdes aliyetangazwa mwaka 1933, amebeba basi jina la mnyama ambaye babu zake hawakumwona kamwe. Léon ni simba. Kwa Kisukuma simba ni shimba, na Shimba ni jina la watu. Laiti yule padre kiongozi angalizaliwa Maswa, huenda angaliitwa hivyo.

Ulinganifu huo hauishii kwa simba. Wasukuma huwaita pacha Kulwa na Doto, na mtoto awafuatiaye huitwa Shija. Thomas, kwa Kiaramu, maana yake ni pacha. Aitwaye Thomas Kulwa ameitwa pacha mara mbili, bila ya mwenyewe kujua. Limi ni jua, na msichana huweza kupewa jina hilo. Nzala ni njaa, na aliye na jina hilo huukumbusha ukoo mwaka ambao watu wangependa kuusahau. Wafaransa nao walimwita Noël aliyezaliwa siku ya Krismasi, na Pascal aliyezaliwa siku za Pasaka, kama vile watu wa pwani wamwitavyo Mwanaidi aliyezaliwa siku ya Idi, Juma aliyezaliwa Ijumaa, na Chausiku aliyezaliwa usiku. Désiré ni mtoto aliyetamaniwa. Dieudonné, ambaye katika Tanzania hujulikana zaidi kwa Kilatini chake, Deodatus, ni mtoto aliyetolewa na Mungu. Wazazi wa Reims na wazazi wa Maswa walikuwa wakifanya kazi moja, nayo ni kuandika habari ya nyumba yao juu ya mtoto.

Tofauti haimo katika majina yenyewe, bali katika madaraka ya kuyakubali au kuyakataa. Hapa pana jambo ambalo Wafaransa wa karne ya 19 yamkini hawakulikumbuka. Zamani Gaul, nchi iliyokuja kuitwa Ufaransa, ilijaa majina ya Kilatini. Wafranki walipoitawala, kuanzia karne ya 5, wenyeji walianza kuwapa watoto wao majina ya watawala wapya. Charles, Henri, Robert na Bernard, yanayohesabiwa leo kuwa ni Ufaransa mtupu, ni majina ya wageni walioshinda. Mfalme wao Clovis alibatizwa Reims na Askofu Remi. Desturi huutaja mwaka 496. Jina lake lilikuwa la kipagani, lenye maana ya mashuhuri katika vita. Walakini Clovis alitoka majini na jina lake lilelile. Likalainika katika vinywa vya watu likawa Louis, likachukuliwa na wafalme wengi, na mwaka 1297 mmoja wao, Louis wa 9, akatangazwa mtakatifu. Tangu hapo jina la vita likawa jina la ubatizo. Herufi zake hazikutakaswa na mtu. Aliyelitakasa ni mwenye kulibeba.

Baadaye Ufaransa yenyewe ikayafungia majina uani. Sheria ya mwaka 1803 iliagiza kwamba karani akubali tu majina yaliyomo katika kalenda na yale ya watu wa historia ya kale. Ililegezwa mwaka 1966, na uhuru wa kweli wa mzazi ukaja mwaka 1993. Kabla ya hapo wapo wazazi wa Bretagne waliokataliwa majina ya lugha yao wenyewe mbele ya makarani wa serikali. Waliotoka katika nchi yenye sheria hiyo hawakuona ajabu kumtaka Msukuma achague katika orodha.

Hata hivyo, sheria ya Kanisa haikuwa kali kama wengi wadhanivyo. Kifungu cha 761 cha sheria ya mwaka 1917 kilimtaka paroko ahakikishe kuwa abatizwaye anapata jina la Kikristo. Iwapo hakufanikiwa, aliongeze jina la mtakatifu juu ya jina lililochaguliwa na wazazi, na yote mawili yaandikwe kitabuni. Sheria mpya ya mwaka 1983, katika kifungu cha 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Kabula, msichana wa mvua, hana ugeni wowote kwa dini inayomshukuru Mungu kwa mvua.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka ng'ambo ya ziwa. Karoli Lwanga, ambaye Karoli yake ndiyo Charles ileile ya Lavigerie, aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Siku chache kabla yake aliwabatiza vijana kadhaa waliokuwa bado wanafunzi wa dini, mmoja wao Kizito. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu 22 wa Uganda, na miongoni mwao wamo Kizito, Mugagga na Gyavira, wenye majina ya Kiganda. Tangu hapo mtoto wa Kitanzania ameweza kubatizwa Kizito, na jina hilo likahesabiwa kuwa la kanisani. Yaliyompata Clovis yamempata Kizito.

Kwa hiyo lililo hatarini leo si imani, ni kumbukumbu. Shuleni na maofisini jina la pili ni la baba. Mabula, Shimba na Kulwa wa kiume huendelea kuishi kama majina ya ukoo, hata wajukuu wakiitwa Remi na Pascal. Majina ya kike hayana mlango huo. Kabula na Limi hawarithiwi katika cheti chochote. Bibi akifariki, jina lake hubaki midomoni mwa wachache, kisha hunyamaza. Msichana wa Maswa aitwaye Bernadeta Mabula amehifadhi mvua ya babu yake. Ya bibi yake haimo. Mzazi atakayemwandikisha bintiye Kabula, kanisani na serikalini, hatakuwa amevunja sheria yoyote. Atakuwa amefanya alivyofanya Clovis: kuingia majini na jina lake, na kutoka nalo.