Jina Nyuma ya Gari



Wapendwa waamini, majuma mawili yaliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa parokia yetu aliniomba nikabariki gari lake jipya. Nilipofika uwanjani niliwakuta vijana wamelizunguka, wala hawakuwa wakilitazama gari lenyewe. Walikuwa wakisoma kibao cha namba, maana pale ambapo magari mengine yana tarakimu na herufi, hilo lilikuwa na jina la mwenyewe. Nikalibariki. Jioni ya siku ileile nililetewa habari kwamba mama mmoja wa jumuiya zetu amegongwa akitoka sokoni, na gari lililomgonga limekimbia. Yu hai, ila mguu umevunjika. Walioshuhudia walinieleza vizuri rangi ya gari. Namba hakuna aliyeishika.

Mambo hayo mawili yalinikaa moyoni, yakanirudisha kwenye historia ya kibao hiki kidogo tunachokiona kila siku bila kukifikiria.

Chanzo chake ni mji wa Paris. Tarehe 14 Agosti 1893 mkuu wa polisi wa mji huo alitoa amri kwamba kila gari la mota libebe kibao cha chuma chenye jina la mwenye gari, anwani yake na namba ya kibali chake, na kwamba kibao hicho kisifichwe kamwe. Zingatieni jambo hili: kibao cha kwanza kilikuwa na jina la mtu. Hakikuwekwa ili mwenyewe asifiwe, bali ili mpita njia aliyekanyagwa ajue ni nani wa kumwuliza.

Huko Marekani, jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 1901 iliyowataka wenye magari waandike nyuma ya gari herufi za kwanza za majina yao. Kibao walijitengenezea wenyewe, wengine cha ngozi, wengine cha chuma. Magari yalipoongezeka, watu wengi walijikuta wakiwa na herufi zilezile, na mwaka 1903 jimbo likaamua kutumia namba. Kwa hiyo namba iliingia kushika nafasi ya jina, kwa sababu majina yalikuwa yakigongana.

Mwaka huohuo wa 1903 Uingereza nayo ilitunga sheria ya magari, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Sheria hiyo iliagiza kila gari lisajiliwe na kubeba namba, ikaweka pia kosa la kuendesha ovyo. Lakini moyo wa binadamu ni uleule. Husimuliwa kwamba Earl Russell, kaka yake mwanafalsafa Bertrand Russell, alikesha kwenye foleni jijini London ili asikose namba A 1. Basi, amri iliyokusudiwa kuwabana madereva ilikuwa bado mpya kabisa, na tayari watu walikuwa wakishindania nafasi ya mbele.

Mwaka 1937 jimbo la Connecticut liliruhusu madereva waweke herufi za majina yao kwenye vibao, ila ruhusa hiyo ilitolewa kwa wale wenye rekodi njema ya uendeshaji. Hapo heshima ya jina ilinunuliwa kwa mwenendo. Baadaye ilianza kununuliwa kwa fedha. Serikali ya Uingereza ilianza kuuza namba maalumu mwaka 1989, na mwaka 2014 namba 25 O iliuzwa kwa zaidi ya pauni 500,000. Huko Abu Dhabi, mwaka 2008, namba 1 ilinunuliwa kwa dirhamu milioni 52.2. Huko Dubai, Aprili 2023, namba P 7 ilifikia dirhamu milioni 55. Hapa kwetu Tanzania, bajeti ya mwaka 2016/17 ilipandisha ada ya namba binafsi kutoka shilingi 5,000,000 hadi shilingi 10,000,000 kwa kila miaka mitatu.

Thamani hiyo inatoka wapi? Haitoki katika bati lenyewe. Inatoka katika uhaba, kwa kuwa namba 1 ni moja tu, na katika macho ya jirani. Huko Hong Kong namba 8 hugombewa kwa kuwa matamshi yake yanakaribia neno la kustawi, na namba 4 hukimbiwa kwa kuwa hufanana na neno la kifo. Ukiipeleka namba hiyohiyo mahali ambapo hakuna anayeijali, itabaki kipande cha chuma.

Hata hivyo tusiharakishe kuhukumu. Fedha za mnada wa Abu Dhabi zilielekezwa kwenye kazi za huruma. Mnada wa Dubai ulifanyika katika mwezi wa Ramadhani ili kuchangia chakula cha wenye njaa, na minada ya Hong Kong, iliyoanza mwaka 1973, huchangia huduma za jamii. Sisi wa kanisani nasi tusijitoe. Magari ya Vatikano hubeba herufi SCV, kifupi cha Dola la Mji wa Vatikano kwa Kiitaliano, na gari la Baba Mtakatifu ni SCV 1. Waroma, watu wa utani, husema herufi hizo maana yake ni "Se Cristo vedesse", yaani, laiti Kristo angeona! Kila ninapopanda gari la parokia hukumbuka utani huo, nikajiuliza wanaoniona nikipita wanasoma nini.

Juzi mzee wetu alinijia akaniuliza, "Baba, hivi ni dhambi kuweka jina langu kwenye gari?"

Nikamjibu, "Si dhambi, mzee wangu, ila umejifunga. Sisi wengine tukimkosea mtu barabarani, itabidi akumbuke herufi na tarakimu. Wewe watakutaja kwa jina."

Akacheka, kisha akanyamaza. Nadhani alielewa kwamba bila kukusudia ameirudia amri ile ya Paris: jina lililo wazi, lisilofichwa, la mtu aliye tayari kuulizwa.

Ndugu yangu uliyemgonga mama yule, huenda unasoma maneno haya. Namba yako hatunayo, lakini mwenyewe unajijua, na Mungu anakujua kwa jina. Mama hakulaani, anauliza tu ni nani. Mlango wa nyumba ya mapadre u wazi, hata usiku.

Nawatakieni nyote Dominika njema.